Nimefungua poti 25565 ila washkaji bado hawaingii kwenye seva yangu

Swali, nimelifupisha kidogo: "Kaka habari za kazi. Niko Mwanza, nyumbani tumeunga faiba, kampuni wakatufungia kile kiboksi cheupe cha Huawei, ila waifai yake haifiki vyumba vya nyuma, nikanunua TP-Link Archer C6 nikaichomeka humo. Sasa nimewasha seva ya Minecraft Java kwenye PC, poti 25565 nimeifowadi kwenye TP-Link kama wanavyofundisha YouTube. Mimi naingia, mdogo wangu kwa laptopu yake anaingia, ila washkaji wa Arusha na Dar wanaletewa 'Connection timed out'. Halafu PS4 nayo inasema NAT Type 3, kwenye pati kuna watu siwasikii kabisa. Nimezima faiwoli, nimeriseti rauta, nimefowadi upya, wapi. Nifanyeje?"

Mdogo wangu pole, na acha kwanza kuriseti hiyo rauta, kila ukiriseti unafuta setingi ambazo pengine zilikuwa sawa tangu mwanzo. Dalili ulizonipa zinatosha kujua pa kuanzia.

Dogo anaingia kwa waifai ya nyumbani, maana yake seva ipo hai, inasikiliza poti 25565 na PC yako haimzuii mtu wa ndani. Washkaji nao wanapata "timed out" na sio "Connection refused", na usione ni maneno tu, hizo ni habari mbili tofauti: refused ni kwamba ombi limefika kwenye mashine ila pale kwenye poti hakuna programu inayosikiliza, mashine ikajibu hapana, wakati timed out ni kwamba ombi limepotea njiani na hakuna aliyejibu chochote mpaka gemu ikachoka kusubiri. Faiwoli ya Windows nayo hunyamaza hivyohivyo, ila wewe umeshaizima (na tutairudisha, subiri). Halafu PS4 nayo inalalamika, na PS4 haihusiani kabisa na seva yako wala Windows yako. Vifaa viwili, ugonjwa mmoja, kinachowaunganisha ni njia ya kutokea nje, na hiyo njia yako ina maboksi mawili.

Rauta kazi yake kubwa ni NAT, yaani vifaa vyote vya ndani vina anwani za ndani halafu nje mnaonekana kwa anwani moja. Ukitoka wewe, rauta inakumbuka nani aliomba nini, jibu likirudi inampa mwenyewe. Mtu wa nje akija bila kuitwa rauta haijui ni wa nani, inamtupa. Kufowadi poti ni kuiambia akija mtu wa 25565 mpeleke kwa PC. Sasa wewe TP-Link umeiambia vizuri kabisa ila washkaji hawafiki kwenye TP-Link, wanaishia kwenye Huawei ambayo nayo inafanya NAT yake. Ni kama umepanga kwenye kompaundi, umemwambia dada wa ndani mgeni wangu akija mfungulie, ila mlinzi wa getini hujamwambia kitu, mgeni anageuzwa kulekule barabarani na dada wa watu bado anasubiri hodi.

Kwa hiyo poti usiziguse kwanza, kaangalie anwani. Fungua tplinkwifi.net au 192.168.0.1, ingia, kwenye ukurasa wa hali ya intaneti utaona anwani ya IP ya upande wa nje, ile ya WAN. Iandike. Kisha fungua Google uandike "what is my ip", kama una VPN yoyote izime kwanza maana itakudanganya. Linganisha. Zikifanana, TP-Link ndo inayoangalia barabarani na mimi nitakuwa nimekisia vibaya. Ila nina uhakika mkubwa ya kwako ya WAN itakuwa 192.168.100 na kitu, kwa sababu maboksi mengi ya faiba ya Huawei yanakaa kwenye 192.168.100.1, na hiyo ni anwani ya ndani, kwenye intaneti haipo. Kwa ujumla ukiona WAN inaanza na 192.168, au 10, au 172.16 mpaka 172.31, jua mbele yako kuna NAT nyingine. Ukiona inaanza na 100 na namba ya pili ipo kati ya 64 na 127, hiyo imetengwa tangu 2012 kwa ajili ya NAT za makampuni yenyewe ya intaneti, nitaifikia chini.

Sasa rudia hilohilo kwenye Huawei, ingia 192.168.100.1, paswedi mara nyingi imebandikwa chini ya kiboksi, tafuta taarifa za WAN. Hapa watu wanachanganyikiwa sana kwa hiyo nenda polepole: utakuta mistari zaidi ya mmoja, kuna mmoja jina lake lina neno TR069, huo ni wa kampuni kukisimamia kiboksi kwa mbali na kawaida una anwani ya 10, achana nao. Wewe tazama wenye neno INTERNET. Anwani ya huo mstari ikifanana na ya Google, shida yako ni NAT mbili za nyumbani tu na leo hii unaimaliza. Isipofanana, kampuni nayo ina NAT yake huko juu, na hapo hata ufowadi usiku kucha hakuna atakayeingia.

Kuna wanaotumia tracert, ile amri ya Windows inayoonesha hatua za njia ya kwenda nje, wakiona hatua ya tatu ni 10 na kitu wanatangaza kwamba kampuni imewaficha. Sio lazima, makampuni mengi yanatumia anwani za ndani kwenye rauta zao zenyewe na bado wewe unakuwa na anwani ya wazi. Ushahidi ni kulinganisha WAN na Google, basi.

Tuseme imefanana. Njia ninayokushauri wewe ni kuigeuza TP-Link iwe Access Point, maana uliinunua kwa ajili ya waifai na sio kwa ajili ya urauta. Kwenye Archer C6 nenda Advanced, kisha System, kisha Operation Mode, chagua Access Point, itawaka upya, waya uache ulivyo. Kuanzia hapo Huawei ndo inagawa anwani kwa nyumba nzima, TP-Link inasambaza waifai tu, NAT inabaki moja. PC yako itapata anwani mpya ya 192.168.100 na kitu, ile sheria uliyoweka TP-Link imekufa, kaweke mpya kwenye Huawei. Menyu zinatofautiana kwa toleo, kwenye nyingi ni Forward Rules halafu Port Mapping. TP-Link kitu hikihiki wanakiita Virtual Servers, rauta nyingine wanaandika Port Forwarding, usibabaike na majina.

Ikiwa Huawei imefungwa, yaani yuza waliyokupa haioneshi hiyo menyu, usianze kutafuta paswedi za siri mtandaoni, pigia huduma kwa wateja uwaombe wakufungulie au wao wenyewe waiweke. Ukiwapata wenye roho nzuri omba hata kiboksi kiwekwe bridge, hapo Huawei inakuwa kigeuzi tu cha faiba na TP-Link ndo inapokea anwani ya nje. Ila ujue watahitaji kukupa yuza na paswedi za PPPoE (namna ya kujitambulisha kwenye mtandao wao) kama wanatumia hiyo, na siku intaneti ikisumbua fundi wao wa kwanza atailaumu TP-Link yako. Njia ya kivivu ni DMZ: kwenye Huawei unaweka DMZ ielekee anwani ya WAN ya TP-Link, kila kinachokuja bila mwenyewe kinapelekwa huko na TP-Link inaendelea kuchuja kwa sheria zako. Inafanya kazi, mimi sina ugomvi nayo. Ninachokataa ni DMZ kuelekezwa moja kwa moja kwenye PC, hapo umeianika mashine nzima.

Kwenye sheria yenyewe, poti ya nje 25565, ya ndani 25565, itifaki TCP (TCP na UDP ni namna mbili za kusafirisha data), anwani ya PC. Minecraft Java ni TCP. Bedrock, ile ya simu na konsoli, ni UDP 19132, na hizo gemu mbili hazionani zenyewe, kwa hiyo mshkaji mwenye simu akikuambia haingii usianze kulaumu rauta. Gemu nyingi nyingine ni UDP, Call of Duty kwa mfano ni UDP 3074, na nimeona watu wengi tu wakichagua TCP kwa kila kitu halafu wanashangaa. Kama hujui, chagua zote mbili uendelee na maisha.

Anwani ya PC inatakiwa isibadilike. Usipoifunga, wiki ijayo umeme ukikatika na kurudi, simu ya mama inaweza kupewa anwani ya PC na sheria yako itakuwa inawapeleka washkaji kwenye simu ya mama. Kwenye Huawei tafuta sehemu ya DHCP, ile inayogawa anwani, yenye kuifunga anwani kwa MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao. Angalia pia PC inatumia waya au waifai, maana kila kimoja kina MAC yake na kitapata anwani yake, ukifunga ya waifai halafu kesho ukachomeka waya umerudi mwanzo. Na kwenye Windows ile setingi ya "Random hardware addresses" iwe imezimwa kwa mtandao wa nyumbani.

Fungua pia faili la server.properties, mstari wa server-ip uwe mtupu. Watu wanajaza pale anwani ya nje wakidhani ndo kuitangaza seva, kumbe wanaiambia seva ijifunge kwenye anwani ambayo PC haina, inagoma kuwaka na kuleta "FAILED TO BIND TO PORT". Kama uliandika ile ya zamani ya 192.168.0, nayo itagoma baada ya kuhama.

Halafu faiwoli irudishe. Kuizima kama jaribio ni sawa, kuiacha imezimwa huku umefungua poti ni kujitafutia. Iwashe, weka mtandao wa nyumbani kuwa Private badala ya Public, kisha kwenye orodha ya programu zinazoruhusiwa hakikisha Java ina tiki. Antivairasi ya kulipia mara nyingi inakuja na faiwoli yake pembeni, icheki pia.

Kupima nako kuna namna yake, watu wengi wanapimia ndani ya nyumba. Wewe mwenyewe ukiandika anwani ya nje kwenye gemu ukiwa kwenye waifai yako, rauta nyingi hazijui kumtoa mtu na kumrudisha ndani, itakugomea wakati wa nje wanaingia vizuri. Seva iwe imewashwa, chukua simu, zima waifai, tumia bando, fungua mcsrvstat.us uandike anwani yako, ikikuletea idadi ya wachezaji umemaliza. Zile tovuti za kupima poti zinakwambia "closed" hata sheria ikiwa sahihi endapo programu haijawashwa, na nyingi zinapima TCP tu, kwa gemu za UDP usiziamini.

PS4 sasa. Hapo sifowadi chochote. Type 3 yako ndo iliyobana. Unachotaka ni NAT Type 2, Type 1 ni ya mtu aliyechomeka konsoli moja kwa moja kwenye intaneti bila rauta, usiitafute. PS4 inajua kujifungulia poti yenyewe kupitia UPnP, na kwako ilikuwa inajifungulia kwenye TP-Link kumbe geti ni Huawei. Ukishabaki na NAT moja, washa UPnP kwenye Huawei, zima Huawei na TP-Link, washa Huawei ikitulia washa TP-Link, PS4 uizime kabisa sio Rest Mode, kisha Settings, Network, Test Internet Connection. Kwa wenye konsoli mbili ndani ya nyumba: poti moja ya nje inaelekezwa kwenye kifaa kimoja tu, ukiifowadi kwa mkono kwa Xbox ya kwanza ya pili itanuna, ndo maana nasema waachieni UPnP.

Sasa ule upande mbaya, WAN ya Huawei haikufanana na ya Google. Hiyo inaitwa CGNAT, na kwenye intaneti ya laini za simu, rauta za 4G na 5G, ni kawaida kabisa. Sio roho mbaya. Anwani za IPv4 zote duniani ni kama bilioni 4.3, ghala kuu liliisha Februari 2011, na AFRINIC ya Mauritius ambao ndo wanagawia Afrika wapo kwenye awamu ya mwisho ya kubana tangu Januari 2020, kampuni inayoomba haipati zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Kampuni yenye wateja laki kadhaa itafanyaje, inawapanga wengi nyuma ya anwani moja. Starlink nao, ndugu zetu wa Kenya wanalijua hili, kifurushi cha kawaida cha nyumbani kipo nyuma ya CGNAT.

Kwanza piga simu uliza. Usiseme "nataka kucheza gemu", sema "naomba public IP, hata ikiwa dynamic" kwa ajili ya kamera au seva. Ukisema static, yaani isiyobadilika, watakupeleka moja kwa moja kwenye bei za ofisi. Wengine wanakubali bure, wengine kwa hela kidogo, wengine hawana. Ukiipata dynamic itabadilika mara kwa mara, weka DuckDNS au No-IP kwenye PC, huduma za kukupa jina linaloifuata anwani yako, washkaji watumie jina badala ya namba.

Wakikataa, kwa kundi la watu watano sita wanaojuana mimi ningeachana na poti kabisa nikaweka Tailscale, ZeroTier au Radmin VPN. Kila mtu anaweka programu, mnakuwa kama mpo waifai moja, PC zinatafutana zenyewe. Ukiona Tailscale imekupa anwani ya 100 na kitu usishtuke, wanatumia lilelile fungu la CGNAT. Kama unataka hata mtu asiyeweka programu aingie, kuna playit.gg, wewe unaweka programu yao kwenye PC inatoka nje yenyewe na kukupa anwani ya kugawa, NAT haina habari kwa sababu wewe ndo umetoka. Gharama yake ni pingi (muda wa data kwenda na kurudi), kila kitu kinapita kwenye seva yao kwanza. Aternos ni bure na seva inakaa kwao, ila utapanga foleni kuiwasha na ikikosa watu inajizima. Na icheki IPv6, ule mfumo mpya wa anwani, kama kampuni yako inatoa na washkaji nao wanayo hakuna cha kufowadi, unaruhusu tu poti kwenye faiwoli ya rauta, ila wote watano kuwa nayo sio jambo la kulitegemea.

PS4 haiwezi kuwekwa hizo programu. Ikiwa ipo nyuma ya CGNAT inategemea NAT ya kampuni imewekwaje, wapo wanaopata Type 2 bila shida na wapo wa Type 3 milele. Gemu zenye seva zake utacheza, utakaposumbuka ni zile ambazo konsoli zinaunganishwa zenyewe kwa zenyewe, pamoja na sauti za pati.

Hujaniuliza kuhusu lagi ila najua utauliza: kufowadi poti hakupunguzi pingi. Poti inaamua nani anaingia, umbali ndo unaamua anachelewa kiasi gani. Mwanga ndani ya faiba unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za waya unalipa milisekunde 10 kwenda na kurudi, kabla hata ya rauta za njiani. Kwenye gemu zinazokuruhusu kuchagua eneo, chagua Afrika Kusini kama ipo. Microsoft walifungua vituo vyao Johannesburg na Cape Town Machi 2019, Amazon Cape Town Aprili 2020. Ulaya kwa njia ya nyaya za baharini utavuka milisekunde 100 utake usitake. Na ile Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, hakuna setingi ya rauta ingekusaidia.

La mwisho kabla hujawagawia anwani. Ukifungua 25565 kuna roboti zinazozunguka intaneti nzima kutafuta poti hiyo, zitakupata. Weka white-list=true kwenye server.properties, waingie uliowaorodhesha tu. Seva iwe toleo la 1.18.1 kwenda juu au yenye kiraka, maana Desemba 2021 ule udhaifu wa Log4j ulimruhusu mtu kuiendesha PC ya mwenye seva kwa kuandika sentensi moja tu kwenye chati. Na kama washkaji wanatumia launcha ya bure ukalazimika kuweka online-mode=false, yaani seva isihakiki akaunti, elewa kwamba whitelist haikulindi tena, mtu yeyote anajiandika kwa jina lako na anaingia akiwa op, yaani msimamizi wa seva. Kwa hali hiyo usifungue poti hata kama anwani yako ni ya wazi, nenda Tailscale. Na poti 3389 ya kuiendesha Windows kwa mbali usiifungue hata mtu akikuomba vipi.

Nitumie namba mbili za mwanzo za WAN ya TP-Link, za mstari wa INTERNET kwenye Huawei na za Google, zile mbili za mwisho zifiche. Nikiziona nakwambia upo upande gani.